Nilisema Nyasi Zitashinda

Kwa miaka kumi hivi, kila nilipopanda matatu Nakuru kwenda Nairobi, nilikaa upande wa kushoto. Makanga akinionyesha kiti cha kulia nilikuwa na sababu tayari: jua, upepo, mgongo. Kisa chenyewe ni kwamba upande wa kulia, gari likishapita Mbaruk na Ziwa Elementaita kuanza kumeremeta bondeni, kuna ekari kumi na mbili ambazo sikutaka kuziona. Zimefunikwa na leleshwa. Anayeijua leleshwa hahitaji kuonyeshwa. Ile rangi yake ya kijivu inayong'aa huonekana toka mbali kama mabati ya mtaa mpya. Sikuipanda mimi. Lakini niliizuia ising'olewe, na niliizuia kwa maneno ya kitaalamu.

Nilikuwa bwana shamba. Kazi hiyo niliifanya zaidi ya miaka thelathini, na mengi niliyofundisha nitayarudia leo bila kigugumizi: nafasi za kupanda, samadi, makinga maji, kuogesha ng'ombe. Hili moja siwezi kulirudia, na kwa muda mrefu sikuweza hata kulitaja.

Ukame wa 2009 wengi tunaukumbuka. Ng'ombe walianguka kandokando ya barabara kuu, na aliyebaki na mtamba mmoja alihesabiwa kuwa tajiri. Mwaka uliofuata mvua ikarudi kwa fujo. Ndipo maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kupanda na kumeza kingo zake. Nyasi zilichipua hata palipokuwa vumbi tupu. Chama kimoja cha wafugaji, wengi wao akina mama, kilikuwa na ekari hizo kumi na mbili za malisho ya pamoja. Leleshwa ilikuwa imeanza kuingia kutoka kwenye makorongo, kichaka hapa, kichaka pale, vingi havijafika kiunoni. Walikuwa wamechanga shilingi elfu sitini. Mpango wao ulikuwa wa watu wanaoijua ardhi yao: wakodi vijana wenye majembe na sururu, wachimbe visiki hadi mzizi, wafunge shamba msimu mzima, kisha wapande nyasi za Boma Rhodes. Waliniita kwenye kikao chao chini ya mgunga niwape baraka tu. Ningewapa nikaenda nyumbani, nisingekuwa na la kuungama.

Tatizo ni kwamba wiki chache kabla ya hapo nilikuwa Naivasha, na nilikuwa nimeona ajabu. Karibu na Olkaria, shamba la maua la Oserian lilikuwa likitumia kisima cha mvuke wa ardhini. Joto la kisima lilipita kwenye mabomba na kuzipasha nyumba za waridi usiku, na gesi ya kaboni iliyopanda na mvuke huo iliingizwa ndani ili waridi zile zishibe. Nilisimama katikati ya mistari ile nikatazama mashina marefu, majani mazito, vichwa vya maua vimefumba kama ngumi. Gesi ambayo magazeti yalikuwa yakiilaani kila siku, hapa ilikuwa chakula. Nilitoka pale nimelewa wazo.

Basi chini ya mgunga wa Mbaruk nikalimwaga. Niliwaambia hewa ya dunia inabadilika. Wakati wa babu za babu zetu, katika kila sehemu milioni za hewa, gesi ya kaboni ilikuwa sehemu 280 hivi; sasa ilikuwa inakaribia 390, na kila mwaka inaongezeka. Niliwaambia mmea hula gesi hiyo, kwa hiyo mmea unaandaliwa karamu. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu nilijipenda nilipoyasema, "Mmea ni mmea. Waridi likishiba, nyasi nazo zitashiba. Na kati ya nyasi na kichaka, nani hukua haraka? Nyasi zitashinda. Msitupe pesa kuchimba visiki. Nunueni tangi la maji."

Walinunua tangi. Nilipigiwa makofi, nikapewa kuku, na kuanzia siku hiyo watoto wa pale wakaniita Bwana Hewa. Mama mmoja mzee, ambaye nitamwita shosho kama walivyomwita wote, ndiye peke yake aliyeuliza swali: "Na hiyo leleshwa, bwana shamba, yenyewe haili hewa?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Jibu la swali lake nililipata 2012, kwenye mafunzo ya maafisa wa kilimo huko Njoro. Mkufunzi alichora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja akaandika ngano, maharagwe, viazi, pareto, waridi, miti na vichaka karibu vyote. Upande wa pili akaandika mahindi, mtama, wimbi, miwa, nepia, Boma Rhodes, na nyasi za malisho za nchi za joto. Juu ya upande wa kwanza akaandika C3, juu ya wa pili C4. Nilihisi masikio yanapata moto kabla hajafungua mdomo kueleza.

Nimejaribu tangu hapo kulieleza jambo hili kwa namna ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye steji ya matatu ya Nakuru ataielewa. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kiitwacho rubisko. Huyo ni makanga. Kazi yake ni kupandisha abiria wa aina moja tu, gesi ya kaboni, ili jani litengeneze sukari kwa nguvu za jua. Lakini makanga huyu macho yake ni mabovu. Oksijeni ikipita mlangoni, naye huipandisha. Oksijeni hailipi nauli. Inabidi gari lisimame, abiria ashushwe, na mafuta yameshaungua. Joto likipanda makosa yanazidi. Siku ya jua kali mmea unaweza kupoteza robo ya kazi yake kwa njia hiyo. Mimea ya C3 husafiri hivyo, viti vingine vikiwa vitupu na vingine vimekaliwa na wasiolipa. Inaitwa hivyo kwa kuwa kitu cha kwanza inachotengeneza kutokana na gesi hiyo kina kaboni tatu.

Mimea ya C4 imemwajiri mpiga debe. Huyu ni kimeng'enya kingine kisichobabaishwa na oksijeni hata kidogo. Anakusanya kaboni kwenye seli za nje, anaifunga katika kitu chenye kaboni nne, kisha anaisukuma hadi chumba cha ndani alimokaa makanga. Mle ndani kaboni imebanana kiasi kwamba oksijeni haipati pa kuweka mguu. Mpiga debe hafanyi kazi bure. Mmea hutumia nguvu za ziada kumlipa. Lakini kwenye joto malipo hayo yana faida. Siri hii iligunduliwa kwenye miwa miaka ya 1960, kwanza Hawaii, kisha wanasayansi Hatch na Slack wakaifafanua kule Australia.

Sasa ongeza watu stejini. Matatu yenye viti vitupu inafurahi: makanga mwenye macho mabovu, akizungukwa na kaboni kila upande, anakosea mara chache. Matatu ambayo mpiga debe ameshaijaza inapata nini? Imejaa. Watu wa ziada wataitazama ikiondoka. Huko Illinois, Marekani, watafiti waliwahi kuzungushia mabomba mashamba ya wazi na kupuliza gesi hiyo msimu mzima juu ya mahindi. Mahindi yaliyopata mvua ya kutosha hayakuongeza mavuno.

Ipo pia jamii ya tatu, ambayo sisi wa Nakuru tunaiona kila siku. Ni mkonge wa Mogotio, ni mpungate, ni ile miti ya euforbia inayosimama kama vinara ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru. Hii hufungua vitundu vyake usiku kukiwa na ubaridi, ikapakia abiria gizani, ikawaweka kama asidi hadi jua litoke. Mchana milango imefungwa na maji hayapotei. Lakini hii si kesi yangu. Kesi yangu ilikuwa kati ya leleshwa na nyasi, na ubaoni vilikuwa pande mbili za mstari. Hewa niliyoisifu chini ya mgunga ilikuwa ikimnenepesha adui.

Tena nilikuwa nimekosea hata kuhusu waridi. Zile waridi za Naivasha hazikushiba gesi tu. Joto la usiku lilikuwa likikausha unyevu na kuzuia magonjwa ya ukungu. Maji yalifika kwenye kila shina kwa matone, yakiwa na mbolea iliyopimwa. Wenye shamba walikuwa wamezipa kila kitu, ikabaki kaboni. Malisho ya Mbaruk hayakuwa na mbolea, na mvua yake huja ikitaka. Nilichukua kitanda cha hoteli nikakitandika korongoni.

Na elimu hii haikuwa ya mbali. Mwaka 1979 mtafiti Tieszen na wenzake walichapisha kazi waliyofanya humuhumu Kenya, wakipanda kutoka nyanda za joto hadi milimani na kuzipanga nyasi kwa aina. Chini ya mita 2,000 nyasi za mahali pa wazi zilikuwa karibu zote za C4. Juu ya mita 3,000 karibu zote za C3. Elementaita iko chini ya mita 1,800. Mwaka ule nilioiandaa karamu yangu, jina la mgeni wa heshima lilikuwa limejulikana kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hadi hapo ni ujinga, na ujinga husameheka. Ninachoungama kinaanza mchana uleule, niliposhuka kwenye matatu nikitoka Njoro. Ningeweza kwenda Mbaruk Jumamosi iliyofuata. Vichaka vilikuwa bado vichanga na sururu ingevimaliza. Sikwenda. Nilijiambia nihakikishe kwanza. Kisha nikajiambia tangi limeshanunuliwa, nikienda nitawaudhi bure. Kisha ukaja 2013, kilimo kikawekwa chini ya kaunti, nikahamishiwa upande wa Molo.

Molo ilinipa raha ya hatari. Kule juu wanalima viazi, ngano na pareto, mimea ya C3. Maneno yaleyale niliyoyasema Mbaruk, nikayapunguza chumvi, huku yalikaribia ukweli. Nilipoulizwa kuhusu hewa nilijibu kwa ufasaha, na watu wakanishukuru. Nilikuwa kama mtu aliyelipa deni kwa jirani asiyemdai. Nilipokuwa na safari ya Nairobi, nilikaa kushoto.

Huku nyuma leleshwa ilifanya kazi yake. Mbegu zake zina pamba, na upepo wa bondeni hauchoki. Watu wa pale wakikata shina, kisiki kilichipua matawi mengi zaidi. Hapa tena sayansi inanikaba: kichaka kinachopata kaboni zaidi kinaweza kuweka akiba mizizini, na akiba hiyo ndiyo inayokirudisha upesi kikikatwa au kikiungua. Afrika Kusini walikuza miche ya migunga katika viwango mbalimbali vya gesi hiyo wakaona jambo hili wazi, juu na chini ya udongo. Ukifika Marigat ukaona mathenge ilivyojifungia njia, utakumbuka kuwa nayo ni ya upande huohuo wa ubao.

Sitaki kuisingizia hewa, maana hiyo itakuwa hila nyingine. Malisho yale yalilishwa kupita kiasi, nyasi zikabaki fupi. Moto wa zamani uliokuwa ukivichoma vichaka vichanga ulikwisha watu walipojenga na kuweka ua. Nyasi dhaifu humwachia kichaka nafasi hata hewa isipobadilika. Siwezi kuwagawia ninyi sehemu za lawama, kiasi hiki cha mbuzi, kiasi hiki cha kaboni. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na dawa moja iliyofaa kwa sababu zote hizo, nayo ilikuwa sururu, na mimi ndiye niliyeituliza.

Aibu nayo ina kosa lake. Nilipoanza kufikiria kurudi Mbaruk kukiri, niliandaa hotuba ya kupindua ile ya kwanza: C3 zitatawala, C4 zimekwisha, mahindi yenu ni ya jana. Ilikuwa na mdundo uleule. Safari hii, kwa bahati, nilisoma kabla ya kufungua mdomo. Nikakuta kwamba mahindi hayakusahauliwa kabisa. Gesi ikizidi, mmea hufumba kidogo vitundu vya majani, ukapoteza maji machache; mwaka wa ukame hilo laweza kumwokoa mkulima wa Rongai gunia mbili tatu, ingawa joto linalokuja pamoja na gesi hiyo laweza kumnyang'anya zaidi.

Nikakuta pia kwamba shibe ya C3 ina upungufu wake. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilitangaza kwamba ngano iliyokuzwa penye gesi nyingi, kiwango ambacho dunia huenda ikakifikia katikati ya karne hii, ilikuwa na zinki pungufu kwa asilimia 9 hivi, na madini ya chuma pungufu kwa asilimia 5. Soya na njegere nazo zilipungukiwa na madini hayo; mahindi na mtama, kwa jumla, havikutikisika sana. Nilikuwa na sahani ya githeri mbele yangu niliposoma hayo. Nikaitazama: mahindi upande ule wa ubao, maharagwe upande huu, sufuria moja.

Lililonivunja kiburi kabisa lilitoka Minnesota. Kule Cedar Creek walipanda nyasi za C3 na za C4, wakazilisha gesi miaka ishirini. Miaka kumi na miwili ya kwanza mambo yalikwenda kama kitabu: C3 zilinufaika, C4 hazikutikisika. Kisha mizani ikageuka, C4 zikawa ndizo zinazonufaika. Maelezo waliyoyatoa 2018 yaligusa naitrojeni ya udongo, ambayo kwenye viwanja vya C3 upatikanaji wake ulipungua na kwenye vile vya C4 ukaongezeka. Angekuja bwana shamba wa Minnesota akatoa hotuba mwaka wa kumi, naye angetafuta kiti cha kushoto. Niliichana hotuba yangu.

Nilirudi Mbaruk 2022, nikiwa nimestaafu, bila karatasi. Shosho alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Macho yamepungua, sauti bado.

"Bwana shamba. Ulipotea."

"Nilipotea kweli, shosho."

Nilimweleza yote, tangu waridi za Naivasha hadi ubao wa Njoro hadi kiti cha kushoto. Hilo la kiti lilimchekesha. Kisha akanyamaza, akatupa punje mbovu pembeni.

"Sisi tulijua mwaka wa tatu," akasema. "Ng'ombe hali maneno. Tulichokuwa hatujui ni kama wewe unajua."

Nikamwuliza kwa nini hawakuanza kuchimba wenyewe, walipojua.

"Pesa zilikuwa zimeingia kwenye tangi. Na tukipanga kuchanga tena, kila mara kulikuwa na mmoja wa kusema: Bwana Hewa alisema tungoje, amesoma, labda bado." Akaupepeta ungo. "Ungekuja kusema tu, yule mmoja angenyamaza."

Nimewahi kupewa barua ya onyo kazini, na nimewahi kufokewa na mkubwa mbele ya wageni. Hakuna kilichonipata kama maneno hayo, kwa sababu hayakuwa na hasira. Nilikuwa nimedhani ukimya wangu ulikuwa mahali pa kujificha. Kumbe huku ulikuwa ukihudhuria mikutano na kupiga kura.

"Basi leo unasemaje?" akaniuliza.

"Leo nasema mlikuwa sahihi."

"Hilo tunalo. Kesho uje na sururu."

Nilikwenda. Walikuwa vijana wanne, wajukuu wa waliokuwa chini ya mgunga ule, na tulianza na pembe ya juu, hatua kama hamsini za mraba, maana chama hakina tena pesa za ekari kumi na mbili. Walinionyesha pa kupiga. Juu ya ardhi kichaka kilikuwa na vijiti vya unene wa kidole. Chini, tulipoondoa udongo, kulikuwa na kisiki kilichovimba kama boga, kigumu, kizito, na harufu ya kafuri ikapanda mpaka machozi yakanitoka. Kilikuwa kinene kuliko paja langu. Nikakaa chini kukitazama. Hewa niliyowaambia watu kwamba ni karamu ya nyasi ilikuwa imeliwa, na sehemu yake ilikuwa imewekwa hapa, shimoni, mwaka baada ya mwaka.

Shosho alikuwa ameletewa kigoda akae kando. Akaamuru visiki vikubwa vitengwe, kwa sababu makaa ya leleshwa hayana mfano. Nikaanza kumweleza kwamba vikichomwa, ile gesi itarudi juu, na kwamba kwa hesabu za kaboni ingefaa zaidi kama...

"Bwana shamba," akanikatiza, "chimba."